Tume Tatu na Karibu Moja

Jina la nchi yetu siwezi kukutajieni. Zamani tulikuwa tukilitaja ovyo, hata watoto wa shule wakiliimba asubuhi huku wakipiga miguu chini, lakini baada ya lile shambulio la Maonyesho ya Mavuno likatiwa katika orodha ya siri za dola, ili adui asijue aje wapi. Siku hizi wimbo wa taifa tunauimba kama kawaida, tukifika penye jina tunakohoa. Uwanja mzima unakohoa kwa pamoja na bendi inangoja. Mgeni huona ajabu. Sisi tumeshazoea, na wenye vifua vibovu wamepata nafuu, maana hawajulikani tena.

Ninayotaka kuwasimulia ni habari ya mwanangu Pandu na Tume tatu zilizomchunguza. Sisimulii kwa ubaya. Serikali yetu haijapata kukosea hata siku moja, nami ni nani niwe wa kwanza kuiona imekosea, na macho yangu haya yana mtoto wa jicho.

Pandu ni kitinda mimba wangu. Ana miaka thelathini na minane, ana mke, Mize, na mabinti wawili wanaosoma. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mlinzi wa Geti Namba Tatu la uwanja wa maonyesho. Kama mliwahi kufika pale mtamkumbuka, mtu mrefu, filimbi shingoni, kila aliyepiga hodi akimwambia, "Karibuni, karibuni sana, mjisikie nyumbani." Hakuambiwa na mkubwa wake aseme hivyo. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu: hodi haiachwi ikaanguka chini.

Siku ile watu waliamka mapema kama siku zote za maonyesho. Wenye maboga makubwa waliyaviringisha barabarani, wenye mbuzi waliwaosha kwa sabuni ya unga. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Bi Salha, mke wa Mzee Dadi, alichukua chupa sita za achari yake ya embe kwenda kushindana. Aliniaga dirishani, mdomo umejaa pini za mtandio.

Saa nne asubuhi wakaja watu sita na gari la mizigo. Wakapiga hodi, Pandu akawaitikia. Walisema wameleta mbegu za maua za banda la Wizara. Walipoanza kushusha, Pandu akaona kila sanduku linabebwa na watu wawili, nao wanahema. Sasa mbegu za maua, wenzangu, gunia zima mtu anajitwika kichwani huku anaimba. Akashika redio ya upepo awaite askari. Redio haikuwa na betri. Haikuwa na betri tangu mwezi wa pili, naye alikwisha kuandika barua tatu kuomba betri, zote zikapigwa muhuri wa kupokelewa, muhuri mzuri kabisa wa rangi ya zambarau. Akatazama huku na huku. Askari kumi na wawili waliopangiwa geti lake walikuwa wamechukuliwa alfajiri kwenda uwanja wa ndege, kujipanga mistari miwili kumpokea Mheshimiwa Waziri wa Usalama, aliyekuwa akirudi kutoka ng'ambo kwenye mkutano wa usalama.

Pandu akatoka mbio hadi kituo cha polisi kilicho nyuma ya uwanja. Kituo kimefungwa. Mlangoni pamebandikwa karatasi, imeandikwa kwa mkono: TUMEKWENDA MAPOKEZINI. MWENYE DHARURA AJE KESHO.

Alikuwa bado anaisoma aliposikia mshindo wa kwanza.

Walikufa watu sitini na mmoja. Hapo sina mzaha, na nitapita haraka, kwa kuwa Bi Salha alikuwa mmoja wao. Pandu alirudi mbio kule kule kwenye mshindo, akalifungua geti pande zote mbili, akawa anavuta watu nje kama mtu anayetoa samani katika nyumba inayoungua. Waliotoka kwa geti lake walipita mia mbili. Jioni wakamkuta amekaa chini, shati limelowa damu isiyokuwa yake, wakamkamata. Ilibidi, kwa sababu alikuwa mtumishi pekee aliyekutwa mahali pake pa kazi.

*

Tume ya Kwanza iliundwa kesho yake. Ilikuwa na wajumbe ishirini na saba, na mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama mwenyewe, kwa hoja kwamba hakuna aijuaye Wizara kama yeye. Ilifanya kazi miezi mitano. Ripoti yake ilikuwa nyeti mno, hata kila mjumbe aliandika ukurasa wake bila kuruhusiwa kuuona wa mwenzake. Ilipokamilika ikafungiwa ndani ya sefu, na ufunguo nao ukatiwa humo humo ndani ya sefu ili usiibwe.

Tume ya Pili iliundwa kuchunguza mambo ya ufunguo. Baada ya miezi minne ikatangaza kwamba sefu ile ni imara. Taifa likapongezwa.

Katikati ya shughuli hizo ukapatikana ushahidi. Redio ya Taifa ilikuwa ikitangaza moja kwa moja kutoka Geti Namba Tatu asubuhi ile, na katika mkanda wao, baada ya tangazo la dawa ya kuku, ikasikika sauti ya mtu akipiga hodi, kisha sauti ya mwanangu: "Karibuni, karibuni sana, mjisikie nyumbani." Mkanda ule ukawa unachezwa kila siku kabla ya taarifa ya habari. Watu aliowakaribisha kwa miaka kumi na moja wakamsikia na kutikisa vichwa. Akaletwa pia mtaalamu redioni kueleza.

"Karibuni ya kwanza," akasema yule mtaalamu, "ni ada. Ya pili ni mazoea. Lakini hiyo *sana*, ndugu msikilizaji, hiyo ni nia."

Mize akaizima redio. Tangu siku hiyo kwangu haikuwashwa.

*

Ndipo yakaja Mageuzi Makuu ya Usalama. Wizara ya Usalama ilionekana ni dhaifu, ikaongezwa nguvu kwa kuundiwa Wizara ya Usalama wa Wizara ya Usalama. Waziri akavishwa nishani ya ushupavu, kwa kuwa siku ya shambulio alinusurika, akiwa uwanja wa ndege. Zikanunuliwa redio za upepo mpya mia tatu, na betri zake zikawekwa mahali salama sana. Mageti Namba Moja, Mbili na Tatu ya uwanja wa maonyesho yakachomelewa kwa chuma yasifunguke tena, likabaki la Nne, ili adui akija aje kwa mstari.

Juu ya yote ikapitishwa Sheria ya Kudhibiti Ukarimu. Mtu akipiga hodi, mwenye nyumba asijibu karibu. Ajibu, "Eleza." Mgeni aeleze jina lake, atokako, dhamira yake na muda atakaokaa. Mwenye nyumba aseme, "Imepokelewa," afunge mlango, atafakari.

Kila kata ililetewa Afisa Maamkizi. Wetu alikuwa kijana wa watu, mpole, kiatu kimemzidi mguu. Siku ya kwanza akaja kwangu kunifundisha.

"Bibi, tuseme mimi nimegonga. Unasemaje?"

"Nasema karibu mwanangu, jua kali."

"Umekosa. Tena."

"Eleza."

"Safi kabisa. Sasa mimi naeleza: ni Afisa Maamkizi, natoka ofisi ya kata, nimekuja kukagua, nitakaa dakika kumi. Unasemaje?"

"Imepokelewa," nikasema, nikafunga mlango.

Nikaenda zangu jikoni, nikachambua mchele. Mize alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Baada ya kitambo nikasikia anagonga.

"Bibi, hapo sasa unafungua."

"Bado natafakari."

"Bibi, zoezi limekwisha. Naomba maji ya kunywa."

"Eleza."

Alinipa cheti. Kimeandikwa kwamba mimi ni raia mwenye tahadhari daraja la pili. Daraja la kwanza sikupata kwa sababu mwishowe nilimpa maji, tena na kiti.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Hitima ya mwaka ya Bi Salha haikuchekesha. Watu walipanga foleni uani kwa Mzee Dadi, naye mwenyewe, mzee wa watu mfiwa, akasimamishwa mlangoni na daftari, Afisa amesimama nyuma yake.

"Dhamira?" Mzee Dadi akaniuliza, hanitazami usoni.

"Kumlilia mkeo."

"Muda?"

"Mpaka yaishe."

Akaandika. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kazija, mimi sitaki kitabu hiki. Ninachotaka ni mtu aniambie siku ile ilikuwaje. Salha wangu alikutwa mita nane kutoka getini. Mita nane. Kama angetokea mtu akapiga kelele mapema kidogo tu. Hakuna aliyeona? Hakuna aliyejua?"

"Pandu anajua, Mzee Dadi. Ngoja waje wamwache aseme."

"Basi nitangoja," akasema. "Huyo atakaposema, nitakuja kusikiliza kwa masikio yangu."

*

Miezi kumi na minne Pandu alikaa mahabusu bila kushitakiwa. Nikiuliza naambiwa anaisaidia serikali katika uchunguzi. Kila Jumatano nilimpelekea wali na samaki, askari anauchokoachokoa wali kwa kijiti kuona kama hauna nia, ndipo ananiruhusu kusogea kwenye wavu.

Alikuwa amekonda. Saa yake ya mkononi ilikuwa inapanda mpaka kiwikoni na kushuka, na kifua kilimbana, akisema maneno matatu anapumzika.

"Mama, sikuombi uwaombe wanitoe," akaniambia siku moja. "Waombe waniite kwenye Tume."

"Ukaseme nini?"

"Barua tatu. Betri. Karatasi ya mlangoni. Dakika kumi tu. Baada ya hapo waamue watakavyo."

"Kwanza utoke, baba. Kusema utasema nyumbani."

"Nyumbani nitamwambia nani, Mama? Wewe unajua. Mize anajua." Akakohoa, akangoja. "Wasipoyaandika watayafanya tena vile vile. Mimi nawajua, nimefanya nao kazi."

Nilikuwa naitazama ile saa. Siku hiyo nilipotoka, mganga wa pale mahabusu alinifuata hadi barabarani, akaniambia bila ya kusimama, kama mtu anayeniuliza njia: "Bibi, mwanao mvua za mwaka huu hazivuki akiwa humu."

Ilikuwa mwezi wa pili. Mvua kwetu huanza wa tatu.

*

Tume ya Tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, na mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Jaji Mstaafu Mwangwale, mtu mwenye sauti nzito ambaye akisema "habari za asubuhi" unahisi umehukumiwa. Pandu hakuitwa. Walieleza kwamba mtu hawezi kuwa shahidi wa jambo analochunguzwa, kwa kuwa analijua kupita kiasi. Nikaitwa mimi, shahidi wa mia mbili na kumi na mbili, upande wa malezi.

Ukumbi ulikuwa na feni tatu na vumbi la siku nyingi. Jaji alifungua kwa hotuba.

"Taifa," akasema, "ni kama mlango. Na mlango, waheshimiwa wajumbe, una pande mbili: upande wa ndani, na upande ambao si wa ndani. Tume hii haitalala, haitapumzika, haitakula—"

"Chai iko tayari, Mheshimiwa," akasema mhudumu.

Wakaenda kunywa chai. Waliporudi nikaapishwa.

"Wewe ndiwe Kazija binti Ngwali, mzazi wa mchunguzwa?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Nani alimfundisha mchunguzwa kusema karibu?"

"Mimi."

"Akiwa na umri gani?"

"Alianza kusema mama, halafu maji, halafu karibu."

Kalamu zikalia karatasini. Mjumbe mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Ni wa muda mrefu."

"Ulimfundisha kwa maelekezo ya nani?"

"Ya marehemu mama yangu."

"Yuko wapi huyo?"

"Amezikwa kwetu, mheshimiwa, nyuma ya msikiti."

"Aandikiwe wito," Jaji akamwambia Katibu. Katibu akaandika, akapiga na mstari chini yake.

"Mheshimiwa," nikasema, "mwanangu aliandika barua tatu kuomba betri. Zina muhuri wenu. Na mlango wa polisi ulikuwa umefungwa, pana karatasi, ameisoma kwa macho yake."

Feni zikazunguka. Jaji akavua miwani.

"Bibi. Tume hii ina hadidu za rejea. Hadidu za rejea ni yale mambo ambayo tumeambiwa tuyachunguze. Betri haimo. Mlango haumo. Karatasi haimo. Kilichomo ni kauli iliyotamkwa getini. Je, unazo habari za kauli?"

"Mimi nina habari za barua."

"Haimo," akasema, wala hakukasirika. Alisema kama mtu wa duka anayekuambia sukari imekwisha.

*

Nilipotoka, Katibu wa Tume, Bwana Mtepa, akaniita chumba cha pembeni. Alichungulia ukumbini kwanza, akafunga mlango, kisha akaniamkia shikamoo, jambo ambalo mtumishi wa serikali siku zile haruhusiwi kulifanya bila fomu. Akaniletea chai ya maziwa, akaikoroga yeye mwenyewe. Sikumwona kama mtu mbaya. Mpaka leo sijamwona hivyo.

"Bibi, hii Tume lazima imalize kazi," akasema. "Ripoti inapelekwa kupigwa chapa Jumamosi. Inahitaji chanzo. Chanzo kikiwa juu, haitatoka. Umeona za mwanzo. Kwa hiyo chanzo kitakuwa getini. Hilo limeshapita."

"Basi mwanangu amekufa."

"Si lazima." Akasogeza karatasi mbele yangu. "Mtu timamu aliyewakaribisha magaidi ni mhaini. Lakini mtu ambaye, tuseme, tangu utotoni akili yake haikukaa sawa, labda alipata degedege, labda alianguka mtini, huyo si mhaini. Huyo ni mgonjwa, na mgonjwa anarudishwa kwao. Alhamisi anakuwa nyumbani."

"Na barua zake?"

"Barua za mtu asiye timamu si barua, Bibi. Ni karatasi."

"Na alichokiona mlangoni?"

Bwana Mtepa akaikoroga chai yangu tena, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Wagonjwa huona mambo mengi," akasema.

Nilimwuliza kama naweza kwenda nyumbani nikafikiri. Akasema hapana kizuizi, ila yeye Ijumaa hayupo na Jumamosi ni kupiga chapa. Nje mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa kusini. Nikaisoma karatasi pole pole, kidole juu ya kila neno. Iliandikwa: *Mimi, mzazi, nathibitisha kwamba mwanangu Pandu hakupata kuwa na akili timamu.* Mtoto aliyeweza kusema karibu kabla ya kutembea. Nikaandika jina langu, herufi zote, na la baba yangu.

Alhamisi wakamleta. Neno lao walilishika.

*

Ripoti ilizinduliwa kwa zulia na matarumbeta. Mheshimiwa Waziri alisimama, nishani inang'aa kifuani, akasema: "Wananchi, ukweli umejulikana. Nchi yetu—" hapo sote tukakohoa "—haikuwa na pengo katika ulinzi. Ilikuwa na mgonjwa mmoja, na ugonjwa ni amri ya Mungu. Hakuna mtumishi yeyote aliyezembea. Tulichoshindwa ni kupima vichwa vya walinda mageti, na kuanzia sasa vitapimwa." Watu wakapiga makofi. Ulikuwa umepita zaidi ya mwaka, na wengi walitaka tu pawe na mwisho.

Pandu hakuisikia ile hotuba. Alikuwa amelala kwangu, Mize anamkanda kifua kwa mafuta ya habasoda. Alipopata nguvu ya kukaa barazani, kitu cha kwanza aliomba Mzee Dadi aitwe.

Mzee Dadi akaja na kofia yake ya Ijumaa. Pandu akamweleza yote, taratibu, tangu mwezi wa pili wa betri mpaka karatasi ya mlangoni, hakuacha hata neno. Akamweleza alipomkuta Bi Salha, na kwamba alimshika mkono, na kwamba alikuwa amekwisha kufariki. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia.

"Ndiyo, baba," akasema Mzee Dadi. "Ndiyo."

"Walikwenda mapokezini, Mzee. Wote. Niliandika mara tatu."

"Ndiyo, baba. Usijitaabishe. Pumzika." Akampapasa kichwani kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa. Aliponipita mlangoni akaninong'oneza, macho yamejaa maji: "Kazija, pole. Miaka yote hii nakaa ukuta kwa ukuta nawe, sikujua kama mtoto ana hali hiyo. Ulificha vizuri."

Nikasema, "Ahsante, Mzee Dadi."

Wakaja na wengine, na kila aliyekuja aliitikia ndiyo. Mwenye ndizi akamletea ndizi, mwenye dua akamsomea dua. Pandu hakuchelewa kuona.

"Mama, mbona wananiitikia upesi hivi?"

"Wanakupenda, baba. Kula, chakula kinapoa."

*

Sasa nimefika mahali penyewe.

Maonyesho ya Mavuno yamerudishwa mwaka huu, Alhamisi ya wiki ijayo. Pandu huenda kule uwanjani kila siku kutembeza kifua, kama alivyoagizwa na mganga. Juzi akaomba kalamu. Aliandika asubuhi nzima, akanipa nimpelekee Afisa Maamkizi, kwa kuwa yeye ofisini hapokelewi.

Afisa akanipa kiti. Aliifungua barua, akaisoma, akarudi juu akaisoma tena. Mimi najua ilichosema, niliisoma njiani. Ilisema kwamba mageti matatu yamechomelewa na watu elfu kumi watatokea kwa moja. Kwamba redio mpya ziko, ila betri zake zimefungiwa kwenye sefu nyingine kama ile, na kila mtu anajua ufunguo uko wapi. Kwamba asubuhi hiyo hiyo Mheshimiwa Waziri anarudi kutoka ng'ambo kupokea Tuzo ya Utulivu, na orodha ya askari watakaojipanga uwanja wa ndege imeshabandikwa. Mwisho aliandika: *Naomba askari wawili tu wabaki.*

"Bibi," akasema yule kijana, "haya ni mambo mazito."

"Ndivyo, mwanangu."

"Yakiwa yameandikwa na mtu timamu, sheria inanitaka niyapeleke wilayani leo leo. Wewe utaandika hapa chini kwamba ni timamu, ili nami nipate pa kusimamia."

"Na yeye itakuwaje?"

Akakuna shingo. "Akiwa timamu leo, alikuwa timamu siku ile. Watamrudisha. Na wewe watakuja kukuuliza juu ya kiapo chako."

"Na kama si timamu?"

"Basi hii ni karatasi tu, Bibi. Nakurudishia."

Hakunihimiza. Aliweka barua mezani, katikati yake na yangu, akageuka kutazama dirishani, nadhani kwa adabu. Barabarani walikuwa wanapita watu na maboga yao ya kujaribisha njia. Nilimfikiria Mzee Dadi na zile mita nane. Nikasikia kifua cha Pandu, ingawa alikuwa mbali, nyumbani.

Nikanyoosha mkono nikaichukua.

"Wameipokea, Mama?" Pandu akaniuliza, hata kanga sijavua.

"Wameipokea, baba."

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni mambo mazito."

Akapumua. Ndiyo mara ya kwanza kumwona analala mchana usingizi wa kweli tangu atoke.

Wajukuu zangu wote wawili wamo kwenye kwaya ya shule itakayoimba siku hiyo, na wameshafundishwa pa kukohoa. Jana nimewaita chumbani, nimewaambia kwamba Alhamisi wataamka wanaumwa tumbo, wote wawili, wasiinuke kitandani mpaka mchana, na baba yao wasimwambie kitu. Mkubwa akaniuliza, "Na wenzetu, Bibi?"

Wenzao wana wazazi wao. Ndiyo maana nimekaa nikayaandika haya, nikayaita hadithi. Siku zimebaki sita. Na nyinyi watafutieni wa kwenu ugonjwa.